Swali la saa tatu usiku: barua ya wazi kwa wanaosimamia vyuo vya ufundi

Kwa wakuu wa vyuo vya ufundi magharibi mwa Kenya, wanabaraza wanaovisimamia, na maafisa wa Wizara ya Elimu mnaopanga namna tutakavyofundisha,

Hamjambo. Mimi ni mkufunzi wa umeme katika chuo kimoja cha umma huku Kisumu. Kazi hii nimeifanya miaka 11, na tangu mwaka 2020 nimekuwa mguu mmoja karakanani, mwingine mtandaoni.

Muhula uliopita mwanafunzi wangu aliandika swali kwenye jukwaa la masomo la chuo, Jumanne, saa tatu na dakika kumi usiku. Wiki hiyo ilikuwa ya masomo ya mtandaoni, kwa hiyo alikuwa kwao Seme. Alikuwa amejitengenezea ubao wa mazoezi: kipande cha mlango uliovunjika, swichi mbili za kununua hadwea, betri mbili za tochi na balbu ndogo iliyokazwa kwa waya. Zoezi lilikuwa taa ya ngazi, ile unayoiwasha ukiwa chini na kuizima ukishafika juu. Akaandika: "Mwalimu, nimeunga mara tatu. Balbu inatii swichi moja tu, hii nyingine inagoma. Nimekosea wapi?" Akaweka na picha.

Kosa lilikuwa wazi kwenye picha hiyohiyo. Swichi ya aina ile ina skrubu tatu. Moja huandikwa COM, na ndiyo mlango wa umeme: kwenye swichi ya kwanza unaingia hapo, kwenye ya pili unatokea hapo kwenda kwa taa. Skrubu mbili zilizobaki ni za nyaya mbili zinazounganisha swichi na mwenzake. Kijana alikuwa amefunga mmoja wa nyaya hizo za kati kwenye COM. Nilichotakiwa kumwambia ni sentensi moja tu, "hamisha huo mwekundu," naye angelala usiku ule taa yake ikiwaka.

Sentensi hiyo niliiandika siku ya 12. Chini ya swali wenzake sita walikuwa wameandika "hata mimi", halafu kimya. Nilipopekua kumbukumbu za mfumo nikakuta wanne kati ya hao saba hawakuwa wameingia tena tangu wiki ile. Mwenye swali alirudi karakanani zamu yake ilipofika, akakaa nyuma, akafanya alichoambiwa. Hakuuliza kitu. Nilimwendea nikamwomba radhi, naye akanijibu kwa upole, "Hakuna shida mwalimu, najua uko na watu wengi." Afadhali angenilaumu.

Nimeketi katika mikutano mingi ya kujadili masomo haya mseto, yaani ya darasani yaliyochanganywa na ya mtandaoni. Huwa mnatuuliza wangapi wameingia kwenye mfumo, video ngapi zimepakiwa, madarasa mangapi yamebaki wazi ili tupokee wanafunzi zaidi. Ni maswali halali, na najua bajeti mnazopewa hazitoshi. Lakini sijasikia hata mara moja mtu akiuliza: maswali mangapi yaliulizwa na wanafunzi wiki hii, na yalikaa muda gani kabla ya kujibiwa? Katika ratiba yangu vipindi vya darasani vinahesabiwa. Vya karakana vinahesabiwa. Hata kurekodi video kumetengewa saa chache. Kujibu hakumo. Nina wanafunzi zaidi ya 160 kwenye mfumo, na saa za kuwajibu nazitoa kwenye usingizi wangu, au hazipatikani kabisa, kama mlivyoona.

Sisemi turudi kwenye chaki. Mwenye kusema hivyo hajawahi kufundisha kuunga waya mbele ya watu 60 waliozunguka meza moja. Wanane wa mbele huona mikono yako, waliobaki huona shingo za wanane. Nilipofunga simu kwenye stuli na kurekodi mikono yangu kwa karibu, ndipo kwa mara ya kwanza darasa zima likaona jinsi ncha ya waya inavyokunjwa kufuata mzunguko wa skrubu.

Kuna mama mmoja darasani mwangu, anakaa Nyalenda, anauza chapati na chai tangu alfajiri. Watoto wake wakishalala ndipo anafungua somo. Video ya kupima nyaya kama zinavuja, kwa kile kipimo cha volti 500, aliniambia aliitazama mara 11. Anasimamisha, anarudi nyuma, anachora kwenye daftari, anaendelea. "Darasani ningekuuliza mara mbili, ya tatu ningeona aibu," alisema. Siku ya vitendo alikuwa wa kwanza kumaliza, na alipomaliza akazunguka kuwasaidia wavulana. Mama huyu asingesoma umeme kama kila kipindi kingekuwa saa nne asubuhi ndani ya ukuta wa chuo. Kwa ajili yake nitautetea mtandao mbele ya yeyote.

Kwa nini basi yeye aliendelea na yule kijana wa Seme akanyamaza? Wanasaikolojia wawili Wamarekani, Edward Deci na Richard Ryan, wamefanya kazi ya miaka mingi juu ya jambo hili. Wanasema hamu ya mtu hudumu anapopata mambo matatu: usemi katika anachokifanya, kuona kwamba anaweza, na kujihisi yuko pamoja na watu wanaomjali. Mama wa Nyalenda alipata usemi juu ya saa yake na mwendo wake, akaona anaweza, kisha karakanani akawapata watu. Kijana wa Seme usemi alikuwa nao, hadi akajitengenezea ubao. Alikuwa amebakisha skrubu moja kuona kwamba anaweza. Hapo ndipo alipoita, na hakuna aliyeitika.

Deci huyohuyo, mwaka 1971, alichapisha majaribio aliyowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu kwa kutumia fumbo la vipande vya kupanga. Fumbo lenyewe linaitwa Soma. Halikutoka kwetu, ni kazi ya Piet Hein wa Denmark, lakini kwa jina hilo nani wetu angelisahau? Baadhi ya wanafunzi walilipwa dola moja kwa kila umbo walilofaulu kupanga. Malipo yalipokoma, wakati wa mapumziko, waliligusa fumbo kwa muda mfupi kuliko wenzao ambao hawakulipwa chochote. Pesa ilikuwa imechukua nafasi ya utamu wa fumbo. Lakini wale waliopewa maneno ya kuwaeleza kwamba wanafanya vizuri, hamu yao haikupungua, iliongezeka.

Jaribio hilo nalikumbuka kila ninapotazama zile alama 5 tunazotoa kwa "kuhudhuria mtandaoni". Nia yenu ilikuwa njema, wanafunzi waingie. Wameingia. Katika hosteli moja karibu na chuo kijana mmoja hushika simu za wenzake wanane, anaingiza majina, anaziweka kitandani zikiangalia dari. Mimi nafundisha miraba myeusi 90 yenye majina. Nikiuliza swali nasikia feni ya mtu. Namaliza, naaga, na dakika 40 baadaye majina 30 bado yako ndani ya kipindi, maana wenyewe wamelala, au wako shambani, au simu iko mfukoni mwa mtu anayebeba matofali. Ripoti ya mwezi huo itaonyesha mahudhurio mazuri ajabu. Nawaomba, kama mtaweza kufanya jambo moja tu kabla ya muhula ujao, fuateni hizo alama 5 mzifute. Zimetufundishia wanafunzi wetu kuwa jina ndani ya mfumo linatosha.

Nyumbani nako kuna mambo ambayo ofisini hayaonekani. Msichana mmoja wa Luanda, ile ya Vihiga, aliniambia, "Nikiwa chuo, mama anawaambia majirani mtoto wangu anasoma. Nikiwa nyumbani na simu, anasema mtoto wangu anachezea simu." Saa nne asubuhi, katikati ya kipindi, anaitwa apeleke mahindi kusagwa. Akirudi, mtoto wa dada yake anahitaji kuogeshwa. Kaka yake naye anasoma mtandaoni chuo kingine, lakini yeye akivaa visikizio watu hupita kwa kunyata. Simlaumu mama yule. Hakuna mtu wa chuo aliyewahi kumweleza kwamba kile kioo kidogo ndicho darasa siku hizi, na kwamba karo anayolipa kwa kuuza ndizi inanunua na saa ile pia.

Nilijaribu kitu. Niliandika karatasi moja kwa Kiswahili chepesi, yenye siku na saa za vipindi vya mtandaoni, nikaipeleka kwa msajili ikapigwa mhuri, nikawapa wanafunzi wapeleke kwao. Yule wa Luanda aliibandika ukutani kando ya kalenda. Wiki mbili baadaye alinitumia ujumbe usiofika mstari: sasa mama ndiye anayemuuliza mbona saa nne imefika na hajaingia. Mhuri mmoja na wino. Ninyi mna mihuri mikubwa kuliko huo, na mna machifu wanaoitisha baraza kila kijiji.

Pesa nayo. Wengi wa wanafunzi wangu hununua bando ya saa moja, ile ya kama shilingi 20, kwa sababu ndiyo wanayoimudu. Saa hiyo huanza kuhesabiwa wakishanunua, wala haijali kama mwalimu amefika. Dakika 20 zikiishia kwenye "Mnanisikia? Mnaiona skrini yangu?", theluthi ya pesa ya mtoto imekwisha kabla hajasikia neno la umeme. Kipindi cha video cha saa moja kinaweza kumeza mamia ya megabaiti, wakati mwingine gigabaiti nzima. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa dakika 10 haufikishi megabaiti 5. Hapo hapahitaji mtaalamu wa kutoka nje. Mambo yanayoweza kusemwa yatumwe kwa sauti. Yanayohitaji kuonekana yarekodiwe kwa video fupi za dakika tano au sita, mtu azipakue chuoni akiwa kwenye Wi-Fi aende nazo. Kipindi cha moja kwa moja kiwe kifupi, na kiwe cha maswali.

Na makataa yasiwe saa sita usiku. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilizimika karibu nchi nzima ikikaribia saa nne. Wanafunzi wangu walikuwa na kazi ya likizo ya kuwasilisha usiku uleule. Mfumo ulijifunga saa sita kama ulivyopangwa, ukaandika sufuri kwa kila aliyekuwa gizani. Kuwafungulia tena kulinigharimu barua mbili na karibu wiki tatu. Sikumbuki nini hasa kilichoandikwa katika barua hizo, ila nawakumbuka wanafunzi wawili ambao, ruhusa ilipofika, walisema basi tu, wameshazoea sufuri yao. Makataa ya Jumapili saa kumi na mbili jioni, na ruhusa ya mkufunzi kuongeza siku moja bila kuandikiana barua, yangeliondoa tatizo zima.

Kuna ripoti ambayo hupenda kutajwa katika semina zetu. Idara ya Elimu ya Marekani iliichapisha mwaka 2010, baada ya kupitia tafiti nyingi zilizolinganisha masomo ya darasani na ya mtandao. Ilionekana kwamba waliochanganya yote mawili walifanya vizuri kuliko waliosoma darasani pekee. Tunatajiwa hapo, kisha tunapewa ratiba mpya. Lakini waandishi wa ripoti ile walitahadharisha wenyewe: mara nyingi wale wa mseto walikuwa wamepewa muda zaidi wa kusoma na nyenzo zaidi, kwa hiyo ushindi wao hauwezi kupachikwa mtandao peke yake. Wao waliongeza mtandao juu ya darasa. Sisi katika vyuo vingine tumeuleta mtandao ili tupunguze darasa, halafu tunangojea matokeo yaleyale. Kundi langu lilikuwa na siku tano karakanani, sasa lina tatu. Siku mbili zilizoondoka hazikuja kwa sura nyingine. Ziliondoka tu.

Kwa fani kama yangu hilo si jambo dogo. Kwenye maswali ya kuchagua ya mtandaoni nina kijana aliyepata 19 kwa 20, kisha nilipompa koleo mikono ikatetemeka, akauliza bisibisi ya nyota ni ipi. Huyo kesho atafunga soketi katika nyumba ya mtu yenye watoto, na waya uliolegea hupata moto polepole, usiku, ndani ya ukuta. Niliyoyaona kwa macho yangu katika nyumba moja Manyatta sitaki kuyaeleza hapa.

Sasa nirudi kwenye kujibu, maana ndiko ninakotaka mnisikie.

Baba yangu mkubwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Vihiga. Katika miaka ya 1960 chuo kikuu kule Nairobi kilianzisha masomo ya posta yaliyoandamana na vipindi vya redio, na walimu wengi wasiokuwa na vyeti vya kutosha walijiendeleza kwa njia hiyo. Yeye alijiunga miaka ya 1970. Karatasi zake alizihifadhi kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na nilipokuwa darasa la saba alinionyesha. Pembeni mwa kila hesabu kulikuwa na maandishi ya wino mwekundu. "Jibu ni sawa, lakini umeruka hatua ya tatu." "Hii umeifanya vizuri kuliko ya mwezi jana." Alipeleka kwa baiskeli hadi posta, akangoja wiki mbili, wakati mwingine tatu. Lakini bahasha ilirudi, kila mara, na mwandiko ulikuwa uleule. "Huyu mtu hajawahi kuniona," aliniambia, "lakini ananijua." Alimaliza kozi ile akiwa na watoto watano na shamba la chai.

Wiki tatu kwa baiskeli na stempu, na hakukata tamaa. Mwanafunzi wangu ana simu inayopeleka swali kwa sekunde moja, akakata tamaa ndani ya siku 12. Teknolojia ya baba mkubwa ilikuwa duni kwa kila kipimo. Alichokuwa nacho ni mtu upande wa pili ambaye kazi yake, aliyoajiriwa na kulipwa kwayo, ilikuwa kusoma na kujibu. Hata huu mfumo wa masomo ya mtandaoni uitwao Moodle, unaotumiwa na vyuo vingi hapa nchini, ulitolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, mtu ambaye utotoni alisomea mbali sana na mji, akizungumza na mwalimu wake kwa redio. Aliujenga ukiwa na majukwaa ya watu kuzungumza. Sisi tumeugeuza kuwa kabati la kuwekea PDF.

Muhula huu nimeanza kukaa na simu kila Jumanne na Alhamisi, saa mbili hadi saa tatu na nusu usiku, kwenye kikundi cha WhatsApp. Sifundishi, ninajibu. Wiki ya kwanza yalikuja maswali manne, yote ya woga: "Samahani mwalimu, pengine ni swali la kijinga..." Tangu shule ya msingi tumewaambia kuuliza si ujinga, lakini mtoto huamini anachotendewa. Wiki ya tatu yalikuwa mengi kiasi kwamba sikuyamaliza. Wiki ya tano kilitokea kitu ambacho sikukitazamia: walianza kujibiana kabla sijafika. Mwenzao mmoja aliyekuwa kwao Budalang'i alituma picha ya swichi zake, akalalamika kwamba moja inagoma. Kabla sijavaa miwani, yule kijana wa Seme, ambaye hakuwa ameandika neno tangu muhula uliopita, alijibu: "Angalia COM."

Hili siwezi kuliendeleza peke yangu. Nalipia bando mwenyewe, na saa zile za usiku zilikuwa zangu za kusoma na binti yangu wa darasa la nne. Kwa hiyo naomba saa za kujibu ziandikwe kwenye ratiba ya mkufunzi kama zinavyoandikwa za kufundisha: kwa kila saa moja ya mtandaoni, angalau nusu saa ya kujibu. Wekeni sharti kwamba hakuna swali la mwanafunzi litakalopita saa 48, na takwimu hiyo ndiyo mtuulize mwisho wa mwezi badala ya idadi ya waliowasha simu. Wakufunzi wakiwa wachache, na tuko wachache, kuna vijana tuliowafuzisha wenyewe, wenye diploma zao, wanaotembeza vyeti Kondele na mjini bila kazi. Wawili au watatu kwa kila idara, wakilipwa posho ya kujibu maswali saa moja hadi saa nne usiku chini ya uangalizi wetu, wangefanya tofauti ambayo maabara nyingine ya kompyuta haitaifanya.

Zile siku mbili za karakana zirudishwe, au angalau mlango ufunguliwe Jumamosi na fundi wa stoo alipwe kwa siku hiyo. Pia serikali imejenga vyuo vya ufundi katika maeneo bunge mengi, na vingi vina chumba cha kompyuta na intaneti. Kwa nini mwanafunzi wangu wa Budalang'i asiruhusiwe kuingia katika chuo cha umma kilicho karibu na kwao, akaonyesha kitambulisho chake, akapakua masomo ya wiki? Vyote ni vya umma. Makubaliano baina ya wakuu wenyewe yanatosha.

Na kabla ya kupitisha ratiba ya mwaka ujao, iteni wanafunzi wachache mezani. Msiwaite viongozi wao peke yao. Mwiteni na yule mama wa Nyalenda, hata kama itabidi mkutano uwe alasiri akishafunga kibanda. Atawaambia ni video zipi zimemsaidia na zipi alizipakua bure.

Najua wengine wenu mtasema hizi ni fikra za mkufunzi mmoja wa fani moja. Ulizeni wa useremala, ulizeni wa upishi, ulizeni wanaofundisha uhasibu. Wana maswali yao ya siku 12.

Alhamisi hii saa mbili usiku nitakuwa kwenye kikundi tena. Nimeomba ruhusa ya wanafunzi, nao wamekubali mgeni aingie asome, mradi ajitambulishe kwa jina. Kiungo cha kuingilia kiko kwa mkuu wa idara yetu. Karibuni.

Wenu katika kazi,
Mkufunzi wa umeme, Kisumu